Mtafute Dubu Kwanza: Namna ya Kusoma Vitabu vya Kale vya Unabii wa Mapapa

Wiki ile Papa Francis alipofariki, Aprili 2025, shemeji yangu alitupia kwenye kundi la ukoo video ya dakika tatu. Sauti nzito, ngoma za kutisha, na picha za rangi za zamani: papa kazungukwa na wanyama, mtawa kashika mundu, mnara unawaka moto. Msimulizi alisema ni kitabu kilichofichwa cha Nostradamus, yule mtabiri wa Ufaransa wa karne ya 16, na kwamba yote yaliyomo yametimia. Kabla ya adhuhuri video ilikuwa imemfikia shangazi Kilosa, naye akanipigia simu kuuliza kama auze mahindi sasa au asubiri. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwalimu mstaafu wa historia, na ndiye niliyechapwa kwa ajili ya Kilatini miaka minne seminari ndogo, kwa hiyo maswali ya namna hiyo huishia kwangu hapa Morogoro.

Nilimwambia auze. Mahindi yana dumuzi, na dumuzi hamsubiri Nostradamus.

Lakini picha zile nilikuwa nazifahamu. Nimekesha nazo usiku mwingi tangu nistaafu, na siku ile nilimwahidi shemeji kwamba nitamwandikia namna ya kuzisoma mwenyewe, aache kusomewa na sauti nzito. Haya ndiyo niliyomwandikia, nimeyanyoosha kidogo.

Andaa vitu vinne. Kompyuta, au simu yenye kioo kikubwa, maana utakuza picha mpaka uone nyufa za wino. Bando la usiku. Daftari lenye orodha ya mapapa kuanzia 1277 hadi angalau 1417, kila mmoja na miaka yake, uiandike kwa mkono. Na Biblia ya Kiswahili. Sababu utaiona muda si mrefu.

Vitabu vyenyewe vinaitwa kwa Kilatini Vaticinia de summis pontificibus, yaani ubashiri kuhusu mapapa. Yamebaki makumi ya miswada ya mkono, mingi ya karne ya 15, mingine imepakwa rangi na dhahabu kwa ajili ya watu wenye fedha zao. Kila papa ana ukurasa wake au nusu ukurasa: picha yake, kichwa cha maneno mawili matatu, na aya ya mafumbo. Ukitaka pa kuanzia bila kulipa, fungua maktaba ya Parker ya chuo cha Corpus Christi, Cambridge, utafute muswada namba 404. Uliandikwa Uingereza karne ya 14, kwenye monasteri ya Bury St Edmunds, na picha zake ni michoro isiyo na makuu. Baada ya huo tafuta Harley 1340 wa British Library, kazi ya Italia ya karne ya 15, uone mchoro uleule ukiwa umevaa nguo za sherehe. Ukiweka hiyo miwili kando kwa kando umeshajifunza nusu ya somo.

Sasa, usianze kusoma. Hesabu kwanza.

Hesabu picha. Zikiwa 15, una mfululizo mmoja. Zikiwa 30, una mifululizo miwili iliyoshonwa pamoja, na aliyeishona hakukuambia. Mfululizo wa kwanza kuzaliwa huanza kwa maneno Genus nequam, "kizazi kiovu", na wataalamu wengi wanauweka karibu na mwaka 1304. Wa pili ulikuja miongo michache baadaye, nao huanza Ascende calve. Yote miwili humwanzisha papa yuleyule, Nicholas III, aliyetawala 1277 hadi 1280. Mwanzoni mwa karne ya 15, wakati Kanisa limegawanyika na mapapa ni wawili, kisha watatu, mtu aliichukua mifululizo hiyo miwili akaiunganisha. Ule mdogo kwa umri akauweka mbele, na ule mkubwa akausukuma nyuma. Mapapa 15 wakawa 30.

Utajuaje ni ipi kati ya hiyo? Mtafute dubu.

Nicholas III alikuwa wa ukoo wa Orsini wa Roma, na orso kwa Kiitaliano ni dubu. Alipopata kiti aliwapa ndugu zake ukardinali bila haya, na Italia nzima ikamcheka kwa jina la ukoo wake. Mshairi wa Italia, Dante, alimweka motoni, kichwa chini miguu juu, akamfanya akiri kwamba kweli alikuwa mwana wa dubu jike aliyehangaika kuwainua watoto wa dubu. Mchoraji wa Genus nequam alisema jambo hilohilo kwa rangi: papa, na dubu wadogo wakimzunguka. Huhitaji Kilatini hapo. Ukimkuta dubu kwenye picha ya kwanza kabisa, na maneno yanaanza Genus nequam, una mpangilio wa zamani. Ukimkuta kwenye picha ya 16, una mfululizo ulioshonwa.

Na sasa chukua Biblia. Fungua 2 Wafalme, sura ya 2, mstari wa 23, pale vijana wanapomdhihaki nabii Elisha: "Paa wewe mwenye upaa!" Kwa Kilatini ni ascende calve, neno kwa neno. Nakiri nilicheka peke yangu usiku ule, kwa sababu Kiswahili chetu kimeipa dhihaka ile mdundo ambao hata Kilatini hakina. Soma mstari unaofuata: wanatoka dubu wawili wa kike mwituni na kuwararua vijana 42. Mwandishi wa mfululizo wa pili hakuhitaji kutaja Orsini. Alimwita papa "mwenye upaa", akamlaumu kwamba anamnyoa bibi arusi wake, yaani Kanisa, ili anenepeshe manyoya ya dubu. Msomaji wa siku zile, aliyeyajua maandiko kwa moyo, aliwasikia dubu wakija.

Hapo ndipo kuhesabu kunapolipa. Chukua orodha yako, uanze na Nicholas III kama namba 1. Martin IV, Honorius IV, Nicholas IV, Celestine V wa 5, Boniface VIII, Benedict XI, Clement V wa 8, John XXII, Benedict XII, Clement VI, Innocent VI, Urban V, Gregory XI wa 14. Wa 15 ni Urban VI, yule wa 1378 ambaye uchaguzi wake ulizua farakano lenyewe. Sasa angalia picha ya 15 ya mfululizo wa Ascende calve ni nini. Si papa. Ni mnyama wa mwisho, wa kutisha, mwenye kuziburuta nyota kama yule joka wa Ufunuo 12. Aliyeutunga aliweka mnyama pale kwa sababu hadithi yake ilikuwa imefika mwisho wa dunia. Lakini dunia haikuisha, mapapa wakaendelea kuchaguliwa, na kwa hesabu tupu mnyama akamwangukia Urban VI. Kwa wafuasi wa yule papa mwingine, mpinzani wake aliyekuwa Avignon, Ufaransa, hiyo ilikuwa zawadi ambayo hawakuilipia hata senti.

Na dubu je? Kwa hesabu hiyohiyo amehamia kwa wa 16, Boniface IX, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Tomacelli na hakuwa na dubu wala mtoto wa dubu. Fumbo lililokuwa limemkaa Nicholas III kama kanzu ya kupimiwa kwa fundi, sasa linamning'inia mtu mwingine kama mtumba. Kila unapoona fumbo linaning'inia hivyo, jua kuna mkono uliolihamisha.

Ukweli ni kwamba hata Nicholas III aliipata hiyo nguo mtumbani. Picha za Genus nequam zilitoka Konstantinopoli, kwenye mafumbo ya Kigiriki yaliyobandikwa jina la Kaisari Leo VI mwenye hekima, aliyefariki 912. Hayakuwa yanahusu mapapa hata kidogo, yalihusu makaisari. Waitaliano waliyachukua, wakamvua kaisari taji lake na kumvisha tiara, taji la papa, na ikatokea bahati kwamba dubu alikuwepo tayari. Ndiyo maana baadhi ya picha haziingii vizuri kwa papa yeyote: zilishonwa kwa mwili mwingine.

Jina la mwandishi lililoko juu ya kitabu lipuuze. Karibu kila mara utaliona la Abati Joachim wa Fiore, mtawa wa Calabria aliyefariki 1202, pengine pamoja na la askofu mmoja aitwaye Anselm wa Marsico. Joachim alifariki karne nzima kabla. Jina lake lilitumika kama muhuri wa ubora, maana unabii wa kweli sharti uwe umeandikwa kabla ya mambo kutokea.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: tafuta mahali mchoraji anapoacha kujua. Soma kuanzia picha ya kwanza ukilinganisha na orodha yako. Mwanzoni mambo yanalingana mpaka unashangaa. Dubu kwa Orsini. Mtawa kwa Celestine V, aliyekuwa mkaa pweke wa mlimani kabla hajachaguliwa Julai 1294, akajiuzulu Desemba mwaka huohuo. Halafu, ghafla kama umeme wa hapa kwetu, mwanga unakatika. Anakuja mzee nusu uchi ameketi juu ya mwamba, kisha malaika anamvika taji, kisha papa mtakatifu asiyefanana na mtu yeyote aliyewahi kuishi. Pale palipokatika ndipo kitabu kilipoandikwa. Kabla ya hapo ni historia iliyovaa nguo za unabii, na baada ya hapo ni matamanio.

Ukishapata tarehe, uliza nani alikuwa na haja. Katika Genus nequam mwanga unakatika baada ya Benedict XI, aliyefariki Perugia tarehe 7 Julai 1304. Makardinali walijifungia mji huohuo, wakabishana karibu miezi 11 mpaka wakamchagua Clement V Juni 1305. Na Italia kulikuwa na Wafransisko wenye msimamo mkali wa ufukara, ambao Celestine V aliwaruhusu kuishi peke yao na Boniface VIII akaifuta ruhusa ile mara moja. Hao walikuwa na kila sababu ya kutamani papa mzee, maskini, aliyetolewa pangoni. Kwa hiyo mimi, nikiwa nimeona chaguzi kadhaa katika maisha yangu, naiona ile picha ya mzee juu ya mwamba nami nasema: hili ni bango la kampeni. Limekosa namba ya simu tu.

Kuhusu mwandiko nitakwenda haraka, maana hutamaliza usiku mmoja. Majina ya mapapa yaliyo juu ya picha mara nyingi hayakuandikwa na mkono mmoja. Kuza picha, utaona wino unabadilika, kahawia ya kwanza inakuwa nyeusi, herufi zinalalia upande mwingine. Jina la mwisho lililoandikwa na mkono wa kwanza lina thamani kuliko mengine yote kwako. Yaliyofuata yaliongezwa na wamiliki wa baadaye, kila mmoja akijaza nafasi kadiri mapapa walivyochaguliwa, kama mtu anayejaza mkeka baada ya mechi kuisha. Ukikwama kwenye Kilatini, kumbuka vifupisho vitatu: mstari mdogo juu ya irabu ni m au n iliyoachwa, alama kama 9 mwishoni mwa neno ni "us", na p yenye mstari uliokatiza mguu wake ni "per". Kwa hivyo vitatu unasoma vichwa karibu vyote. Ziada ya hapo tafuta padre mzee.

Nembo za koo ndizo zinazowapotosha wengi. Colonna ni nguzo, Borgia fahali, della Rovere mwaloni, Medici mipira. Zinasaidia, ila angalia umri wa muswada kabla ya kupiga kelele. Borgia wa kwanza kuwa papa alichaguliwa 1455; fahali aliyechorwa kabla ya hapo ni ng'ombe tu.

Mimi mwenyewe nilijikwaa, na nilijikwaa kwenye ua. Kuna picha ya mtawa aliyeshika mundu mkono mmoja na waridi mkono mwingine. Mara ya kwanza niliiona kwenye kitabu kilichopigwa chapa Nuremberg 1527, na maelezo yake yalisema bila kuuma maneno: huyu ni Martin Luther. Mtawa, ndiyo. Waridi, ndiyo, ni nembo ya Luther. Nikaamini kwamba Walutheri ndio waliomchora. Niliwaeleza hivyo hata wanafunzi wa kidato cha tano, Mungu anisamehe. Miaka baadaye ndipo nilipofungua miswada ya kabla Luther hajazaliwa, na yule pale, mundu na waridi vilevile. Alikuwa Celestine V, wa 5 katika mfululizo wa zamani. Katika vitabu vya picha 30 ongeza 15: namba 20, ndiyo namba aliyokuwa nayo Nuremberg.

Kisa cha Nuremberg ni kitamu, siwezi kukipita. Mhubiri wa Kilutheri Andreas Osiander alipata nakala mbili za kale mjini mwake, moja ya watawa Wakartusi na nyingine ya maktaba ya baraza la mji. Alitupa mafumbo ya Kilatini, akaandika maelezo yake ya kuwapiga mapapa, na Hans Sachs, mshona viatu aliyekuwa pia mshairi, akatunga beti chini ya kila picha. Michoro ilichongwa kwenye mbao na Erhard Schön. Baraza la mji likashtuka, likakamata nakala, na kumwambia Sachs ashughulike na viatu vyake. Osiander huyu ndiye aliyekuja kubandika dibaji isiyo na jina mbele ya kitabu cha mwanafalaki Copernicus mwaka 1543, kwa hiyo kuvisha vitabu vya wenzake nguo alizozishona yeye lilikuwa jambo la kawaida kwake.

Usidhani ni Waprotestanti peke yao. Miaka 12 kabla ya hapo, 1515, mfululizo huohuo ulikuwa umepigwa chapa Bologna chini ya uangalizi wa Leandro Alberti, Mdominiko. Kila upande uliupenda unabii huu mradi mnyama asiangukie nyumbani kwake. Desemba 1516 Mtaguso wa Tano wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa, ukawakataza wahubiri kutangaza tarehe za maafa na za kuja kwa Mpinga Kristo.

Sasa turudi kwenye video. Muswada unaoonyeshwa mle upo kweli, si wa kubuni. Uko Roma, Maktaba Kuu ya Taifa, mkusanyiko wa Vittorio Emanuele namba 307, na ulianza kuvuma baada ya 1994 kwa sababu ndani yake mmeandikwa kwamba ni unabii wa Nostradamus kwa mwanawe César. Fanya kama nilivyokuelekeza. Lipuuze jina. Hesabu. Mtafute dubu, mtafute mtawa mwenye mundu, mtafute mzee nusu uchi. Utawakuta, pamoja na wengi wa wale 30, na kando yake picha nyingine ambazo si za ukoo huu. Nostradamus alizaliwa 1503. Muswada wa Bury St Edmunds ulikuwa na miaka zaidi ya 100 rafuni siku hiyo.

Niliyaandika haya yote kwa shemeji, nikamtumia na dubu wawili, wa Cambridge na wa London. Alijibu baada ya siku mbili kwa video nyingine: unabii wa Mtakatifu Malaki, mafumbo mafupi 112 kwa mapapa 112, usio na picha. Nikamwambia vizuri, sasa huna haja yangu, ifanyie kazi mwenyewe. Malaki, askofu mkuu wa Armagh, alifariki 1148, ila orodha hiyo ilionekana mara ya kwanza 1595, ilipopigwa chapa Venice katika kitabu cha mtawa Arnold Wion. Chukua rula, nikamwambia, ushuke nayo papa mmoja mmoja mpaka uone mwanga unakatika, halafu piga mstari.

Alipiga. Alinitumia picha ya daftari la mwanawe la hesabu, mstari wa kalamu nyekundu chini ya Urban VII, aliyekuwa papa siku 13 tu Septemba 1590. Umepatia, nikamjibu. Sasa soma anayefuata: Ex antiquitate urbis, "kutoka ukale wa mji". Wakati wanamtafuta wa kumrithi Urban VII alikuwepo kardinali Simoncelli wa Orvieto, na jina la Orvieto kwa Kilatini ni Urbs vetus, mji mkongwe. Hakuchaguliwa. Alichaguliwa Sfondrati wa Milano, akajiita Gregory XIV.

Shemeji anasema Milano nayo ni mji wa kale. Nami nimemwambia hata Kilwa ni ya kale. Bado tunabishana.